Maneno Yakikatika

Fimbo ilipogonga jiwe la kwanza, Atupele aliingia kwenye migomba na ndoo yake, akageuza mgongo na kujifunika kanga usoni.

Baba mkwe wake, Mzee Ambilikile, alikuwa anaanza mazoezi.

Mwanamke aliyeolewa katika mji ule haonani uso kwa uso na baba wa mumewe, wala hasemi naye. Akimsikia njiani, anampisha. Siku hizi wengi wamelegeza. Mzee Ambilikile hakulegeza. Mwaka jana Atupele alijisahau akamwamkia, na baba yake mzazi akatozwa fahali.

Moyo wa mzee ulikuwa umetanuka. Atupele ndiye aliyefuata dawa hospitali ya Makandana na kusikiliza masharti ya nesi. Akamweleza mumewe, Nelson, na Nelson akamweleza baba yake. Ndiyo njia ya maneno katika nyumba ile. Asikimbie, asirukeruke. Atembee tu, polepole, aanzie uani, asogee mbele kidogo kila wiki. Na atembee huku akiongea, apate kuipima pumzi yake.

Mzee aliongea. Alichagua la kuongea.

"Mke wa Nelson!" alipaza sauti akiikaribia migomba, maana alijua yumo. "Unapika kande ngumu kama kokoto! Miaka sita, mtoto mmoja, tena wa kike! Kwenu Ikuti ndivyo wanavyozaa?" Akacheka. "Pumzi ipo!"

Ndani ya migomba, Atupele alikaza kanga usoni.

Kila wiki alifika mbali zaidi, na matusi yakarefuka. Alifika kwenye chemchemi, kisha kwenye mashamba ya chai. "Maneno yakikatika, kaza mwendo," alijihimiza penye kila kilima kidogo, "nesi kasema." Mashavu yakamrudia. Majirani walimsifu kwa bidii, na ni Atupele tu aliyejua kinachomvuta.

"Nikiweza kupanda mpaka Kinyala," mzee aliiambia migomba, "nitasimama mwenyewe mbele ya wakubwa wa ukoo wakaao huko. Kwenye shauri la kurudisha mke hatumwi mtu. Wewe utarudi kwenu. Binti yako Tulia atabaki, huyo ni mtoto wa mji huu."

Tulia alikuwa na miaka minne, na bado alilala ameshika sikio la mama yake.

Asubuhi moja baada ya mvua, mzee aliuanza mlima wa Kinyala. Atupele alikuwa anatoka kuchota maji. Akajificha penye kona.

"Leo leo... unafunga... vitambaa vyako..." Sauti ya mzee ikakwama. Akameza mate. "Maneno yakikatika... kaza... mwendo!"

Fimbo ikagonga harakaharaka. Kisha ikaanguka.

"Mke wa Nelson." Safari hii hakupaza sauti. "Mwanangu... Maji."

Ndoo ilikuwa miguuni pa Atupele, imejaa. Hakugeuka. Alisimama na kanga yake usoni mpaka njia iliponyamaza kabisa, ndipo akapitia kwa juu kwenda kuita watu.

Msibani aliwasimulia watu jinsi ilivyokuwa mlimani, wala hakuficha kitu. Wanawake walilia upya. Mzee Abrahamu, mkubwa wa ukoo, alimgeukia Nelson mbele ya watu wote.

"Ndaga fijo, asante sana," alisema. "Mkeo hata pale hakuvunja mwiko. Mwanamke wa namna hii haondoki katika mji huu, tumesikilizana?"

Wazee wakaitikia.

Jioni Mwanaamina, yule nesi, alikuja kutoa pole. Aliketi mkekani karibu na Atupele, akanong'ona.

"Pole, dada. Lakini nashangaa. Nilikueleza vizuri: maneno yakianza kukatika, akae chini palepale, apumzike. Kwani hakufuata?"

Atupele alivuta kanga, akajifunika kichwa vizuri.

"Alifuata, dada," alisema. "Kila neno nililomtumia."