Siku Saba za Profesa Mrutu

Siku hizi ukitia saini barua ya kumwombea mfungwa, anapunguziwa siku saba, na wewe unazitumikia nyumbani. Mlango wako unawafungulia wote isipokuwa wewe.

Barua ya kumwombea Salha Bakunda, aliyefungwa kwa sababu ya riwaya yake, aliiandika Profesa Mrutu. Wahadhiri arobaini walitia saini, wakamwachia yeye, mkubwa wao, nafasi ya juu kabisa. Akaituma barua huku nafasi ile ikiwa tupu.

Jumatatu asubuhi muuza maziwa alipopiga hodi, Profesa akajisahau, akaugusa mlango. Ukafunguka.

Mkewe, Namsifu, alikuwa akichambua maharage ya wiki nzima. Mikono ikasimama.

"Baba Elinaja, mbona umekufungulia?"

"Labda mtandao unasumbua."

Namsifu alichukua kikapu, akawapelekea mboga na mkate wahadhiri majirani waliofungiwa. Aliporudi hakumtazama usoni.

"Wote wanakupa pole," alisema. "Nimewaambia na wewe umefungiwa. Kwa hiyo usitoke."

Akaurudishia mlango kwa mkono wake. Profesa akakaa ndani siku saba, na kwa siku hizo Salha hakupunguziwa hata moja.