Vitabu Vilivyovaa Soksi

"Vitabu vyako vimevaa soksi, Haitham!" Borafya alimcheka mbele za watu pale sokoni Darajani. "Kila ninachokifunua, soksi. Vyengine vina na karatasi, zimechorwa nyayo. Wewe unauza vitabu au unauza miguu?"

Haitham hakucheka. Jasho lilikuwa likimteremka mpaka kwenye kola ya kanzu. Mkewe, Ummy, alikuwa akisafisha nyumba kuingojea Ramadhani, akakuta sanduku la vitabu vya marehemu baba yake Haitham limeanza kuingia mchwa. Hakulipekua. Aliita mchukuzi, akaliuza lote kwa huyu muuza vitabu vikuukuu.

"Vitabu chukua, Borafya. Nirejeshee soksi tu."

"Wapi! Mie mkono ule niliujua hapo hapo. Nani mwengine mjini humu anafuma soksi za kusalia, vishono vidogo vidogo kama punje za ufuta? Nshampelekea Bi Sichana mwenyewe, asubuhi, na karatasi zake. Nimefanya vibaya?"

Haitham alikuwa keshaondoka.

Bi Sichana alikuwa jirani yake wa mtaa wa Malindi, na binti yake, Zuleikha, alikuwa amekwenda Maskati kufanya kazi za nyumbani. Haitham akienda huko kila mwaka na biashara zake za viungo, na kila akienda humpitia kumjulia hali. Mwaka mmoja, zamani sasa, alifika akaambiwa homa imemchukua. Alimkuta keshavishwa sanda. Akabeba jeneza, akamwaga udongo, na matajiri wa Zuleikha wakamwachia yeye apeleke khabari nyumbani.

Alirudi Unguja maneno ameyapanga. Lakini Bi Sichana alimpokea mlangoni, uzi bado umemzunguka kidole, akauliza, "Hajambo?" Na ulimi wa Haitham, wenyewe tu, ukajibu, "Hajambo."

Basi ikawa hivyo. Bi Sichana alitaka kumfumia mwanawe soksi, kwa kuwa mwanamke akisali sharti nyayo zisitirike, na sakafu za huko zina baridi. Naye hakuwa mtu wa kufuma kwa kukisia. Ilikuwa lazima mguu uwekwe juu ya karatasi, uzungushiwe penseli, ndipo ashike sindano. Akamtaka Haitham amletee kipimo.

Haitham alijifungia chumbani, akavua kiatu, akachora mguu wake mwenyewe. Alikuwa na miguu midogo. Karatasi zilizoharibika alizitia ndani ya vitabu vya baba yake, na soksi alizopewa azipeleke akazilaza humo humo, baina ya kurasa, mahali asipofunua mtu. Mwaka uliofuata akaombwa kipimo chengine, maana zile bila ya shaka zimeshachakaa.

Kila safari alimzulia marehemu maisha. Zuleikha kahamia chumba chenye dirisha. Zuleikha anafuga paka. Zuleikha kanenepa kidogo, mashallah. Mpaka yeye mwenyewe Haitham akawa akilala anasikia nyayo tupu zikipita ukumbini, chap, chap, kama za mtu aliyetoka kutawadha. Akitoka na taa, sakafu kavu. Akawa kila akilipita lile sanduku la vitabu analitolea salamu, kwa sauti ndogo, Ummy asisikie.

Bahati yake, Bi Sichana hakuwa mdadisi. Hakuwahi kuuliza mwanawe atarudi lini. Majirani wakimwambia siku hizi watu wanazungumza kwa simu na huku wanaonana, alikuwa akitikisa kichwa. "Simu ya nini? Haitham si yupo?"

Sasa Haitham alipanda ngazi za nyumba ile. Leo atasema. Hata kama bibi wa watu ataanguka pale pale, leo atasema.

"Hodi!"

"Karibu, mwanangu. Ingia."

Soksi zote zilikuwa zimetandazwa mkekani, jozi kwa jozi, mpya kama siku zilipotoka kwenye sindano. Nyeupe, za samawati, za rangi ya maziwa. Hakuna hata moja iliyoguswa na mguu. Bi Sichana alikaa katikati yake, karatasi za nyayo ziko mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa kitako."

Alikaa. "Mama, Zuleikha..." Akajaribu tena. "Zuleikha, mama, hizi soksi..."

Bi Sichana aliinamia kikapu chake cha nyuzi, akapekua, akatoa penseli na karatasi safi. Karatasi akaitandika sakafuni mbele ya Haitham, akaipapasa mikunjo mpaka ikanyooka.

"Vua kiatu," alisema. "Mwaka huu nakuchora mimi. Miaka yote hii ukijichora mwenyewe, kisigino unakipeleka upande."

Alingoja mpaka mguu ukatulia, ndipo akaanza kuuzungushia penseli, polepole.

"Haya, mwanangu. Nipe khabari zake."