Soma Tena Hapo

Agneta alikuwa akimsuka jirani yake mlangoni, pale Kaloleni, huku akimsimulia riwaya ya mapenzi aliyokuwa akimsomea mumewe kila jioni. Kitabu chenyewe hakijawahi kutoka nyumbani.

Wakifika penye maneno matamu, mumewe humwambia, “Mama, soma tena hapo.” Agneta husoma tena, akingoja siku atakayoambiwa yeye.

“Basi yule bwana akamshika mkono,” Agneta alisimulia, “akamwambia...”

“Hata ziwa likikauka, utanikuta ukingoni nakungoja,” jirani akamalizia, macho ameyafumba. Kisha akaziba mdomo kwa kiganja.

Kitana kikasimama katikati ya nywele. Agneta akauzungushia kidole msuko aliokuwa ameuanza, akauvuta polepole.

“Na wewe ulimjibu nini?”