Kivuli cha Bi Somoe

Asiyelipa shirika la umeme ada ya nyaya huwekewa kivuli. Bi Somoe alikataa kulipa, maana paa lake lilikuwa na paneli na umeme wa gridi hakuugusa. "Nguzo zao zinanihusu nini?" alimwambia mumewe. Asubuhi moja turubai jeusi likaja kuelea juu ya nyumba yao, kimya, likisogea kila jua liliposogea.

Paneli zikazima. Hilo alilitarajia. Hakutarajia kwamba muhogo alioanika uani kwa ajili ya makopa ungeota ukungu, wala kwamba nguo zingenuka uvundo mwilini.

Akajitwisha ungo wa muhogo, akaenda kwa jirani yake, Mwanahawa.

"Anika hapa, shoga, jua ni la Mungu," alisema Mwanahawa, akimtandikia mkeka.

Walikaa wakipiga soga hadi ubaridi ukawapitia mgongoni. Mwanahawa akatazama juu. Turubai lilikuwa limeiacha nyumba na kumfuata Bi Somoe.

Mwanahawa akaanza kuukunja mkeka, taratibu, bila kumtazama.

"Nenda, shoga," alisema. "Mjukuu wangu mchanga bado hajaota jua leo."