Mwanangu Ameitika

"Ameitika," bibi alisema, akaachia kitufe cha kidude cha ukutani. "Umeona? Kijani hiyo."

Jirani aliona. Kijitaa chenyewe kidogo kama punje ya hindi, kiliwaka chekundu, kikakaa kidogo, kikawa kijani. Ila jirani aliona na jingine: midomo ya bibi imepauka, na kifua kinapiga filimbi kama birika jikoni.

"Bibi, twende hospitali. Nikaite gari."

"Gari la nini, na mwanangu nimeshamwita? Aje anikute sipo?"

Huyo mwana alikuwa fundi wa vile vibao vidogo vya umeme, vile vinavyoenea kiganjani, unavifundisha kazi kwa kompyuta navyo vinatii kuliko mtoto wa kuzaa. Mtaa mzima ulimsifu. Mtoto ndiye huyo, bwana, wengine tumezaa magunia!

Siku aliyokuja kukipigilia kile kidude ukutani, kando ya kitanda, bibi alimkodolea macho akikiandikia maagizo kwenye kompyuta.

"Hiyo lugha gani tena, baba?"

"Ina jina la chatu, mama. Usiogope, haimezi mtu."

Bibi alicheka mpaka akakohoa.

"Nyepesi, kama tunavyoongea hapa," fundi akasema. "Naiambia: mama akibonyeza, washa nyekundu. Subiri kidogo. Washa kijani. Basi, imekwisha."

"Na wewe uko wapi hapo katikati?"

"Mimi? Niko kibandani kwangu, nyuma ya soko. Kengele inalia mezani, nabonyeza cha kwangu, kwako inakuja kijani. Ukiona kijani jua nimesikia, niko njiani. Usisumbue watu."

Na bibi hakusumbua watu. Akibonyeza asubuhi, kijani. Akibonyeza jua la utosini, kijani. Kweli fundi mwenyewe haonekani sana, tena tuseme haonekani, na uji alikuwa anapikiwa na jirani. Lakini mama ni mama.

"Kazi zimemzidi," alikuwa akisema. "Ila jibu hajaninyima hata mara moja. Wenzangu wanaita watoto wao mpaka sauti inakauka, kimya."

Sasa siku hiyo ya filimbi kifuani alibonyeza tena, na tena. Kijani. Kijani. Jirani akamshika mkono amwinue, bibi akang'ang'ania ukingo wa kitanda kama mtoto anayekataa sindano.

"Sitoki! Akute kitanda kitupu, moyo umpasuke? Unataka kuniulia mwanangu?"

"Haya, bibi, haya. Basi nikamharakishe."

Jirani alichomoka na ndala za miguu tofauti, mbio mpaka nyuma ya soko. Mlango wa kibanda ulikuwa wazi. Ndani magunia ya vitunguu yamepanda hadi darini, na mwanamume kajilaza juu yake.

"Fundi yuko wapi?"

"Fundi gani? Yule wa vibao?" Muuza vitunguu alijikuna. "Yule si alihama zamani, dada. Alinipisha hapa, akavuka mpaka na mizigo yake yote."

"Na kengele yake je? Ya mama yake?"

"Kengele? Hapa haijawahi kulia kengele. Hata umeme wenyewe hakuna, hebu tazama."

Jirani hakutazama. Alishageuka.

Alimkuta bibi ameegemea ukuta, uso umeelekea mlangoni, kama mtu aliyesikia hatua za mgeni wake. Kifua hakipigi tena filimbi. Mkono umeangukia kidude kwa uzito wake wote, na kidole bado kimekandamiza kitufe.

Taa ikawa nyekundu. Ikasubiri kidogo. Ikawa kijani.