Sentensi ya Wanru

Kiwavi mmoja wa hariri, kati ya wale waliofugwa darasani ndani ya boksi, hakuwa amegusa jani la mforosadi, chakula chake, tangu jana. Sasa mwalimu alikuwa amemwinua kwa vijiti vya kulia chakula, juu ya pipa la taka.

“Amekufa huyo, Mwalimu! Mtupe, ataanza kunuka!” darasa zima la tatu lilipiga kelele.

“Ngoja!”

Aliyesema ni Wanru. Wote wakageuka, maana Wanru ana kigugumizi, na zamu yake ya kusoma ikifika hutikisa kichwa tu. Leo alisimama, ameshika karatasi ambayo ametoka kuiandika pale pale kando ya boksi la viwavi.

“Ha... hajafa,” akasoma. “Ameinua ki-kichwa. Ngozi ya shingoni imeanza ku... kupasuka. Ndani kuna ngozi nyingine, nyeupe.”

Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wamesongamana kumzunguka mwalimu, wakiutazama ule ufa mwembamba ukipanuka.

Mwalimu akamrudisha kiwavi kwenye jani, taratibu.

“Haya, mwanangu. Tusomee kinachofuata.”

“Si-sijaandika,” Wanru akajibu, akivuta kiti karibu na boksi. “Bado sijakiona.”