Fundo la Kanga

Haya alinisimulia shoga yangu Mwanahawa baada ya Ramadhani, tukichambua mchele.

Bintiye Salme, mimba ikiwa pevu, alikuwa akifunga fundo kwenye pembe ya kanga, aje aliume uchungu utakapomshika.

"Sindano ya ganzi ipo, mwanangu. Au wataka kunilia kanga yangu?"

Salme hakucheka. "Yule wa kwanza alilia mara moja tu, akanyamaza moja kwa moja. Nyote mlimsikia. Mimi nililazwa usingizi."

"Hii ya sasa hailazi. Kiuno tu ndicho hufa ganzi."

"Hata ile mliniambia hailazi, mama."

Mwanahawa alilifungua lile fundo, akalifunga upya, kubwa zaidi. Salme alipopitiwa na usingizi wa adhuhuri, mama alilijaribu kwa meno yake mwenyewe, akaliuma, akaliuma, mpaka naye akalala nalo mdomoni.